Jagi Lilikuwa Zima: Volti na Ampea Zilivyoonyesha Moto Uliojificha Darini

Katika kazi ya umeme hapa Dar es Salaam, dawa inayotolewa haraka kuliko zote ni kubadilisha. Taa inafifia, badilisha taa. Jagi linachelewa kuchemsha, nunua jagi jingine. Soketi imeyeyuka, weka mpya. Kariakoo ipo, vifaa vimejaa, na mteja anataka jambo liishe leo hii. Ila kuna matatizo ambayo ukibadilisha kifaa yanabaki palepale, na mengine yanazidi kukomaa huko darini mpaka siku moshi unatoka. Nimekuwa fundi wa mtaani kwa miaka mingi sasa, na kilichonisaidia kuliko vyote ni hesabu mbili za volti na ampea ambazo mwanafunzi wa darasa la saba anaziweza.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Temeke ambaye begi lake halikukosa daftari la kaunta. Tukifika kwa mteja, kabla hajanipa bisibisi, lazima niandike mistari mitatu: volti bila lodi (yaani hakuna kifaa kinachovuta umeme), volti kwenye lodi, na ampea. Nikikimbilia kufungua soketi ananishika mkono. "Andika kwanza, mwanangu. Ukishautikisa ule waya ugonjwa unajificha, halafu mteja atatuita tena wiki ijayo." Alisema kweli. Jointi iliyolegea ukiigusa kidogo inakaa vizuri kwa muda, vipimo vinakuwa safi, unaondoka umeridhika na kasoro umeiacha nyuma yako.

Hesabu zenyewe ni hizi. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni kiasi cha mkondo unaopita. Volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani, yaani kiasi ambacho kifaa au waya unauzuia umeme kupita, nao tunaupima kwa omu. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata nguvu, nayo tunaipima kwa wati. Pasi inayovuta ampea 5 kwenye volti 230 ina ukinzani wa omu 46 na inakula wati 1,150. Kutoka hapo unaweza kupata njia nyingine mbili za kuzifikia wati: ampea mara ampea mara omu, au volti mara volti kisha ugawe kwa omu. Hiyo njia ya ampea mara ampea ndiyo inayonipa hofu na heshima kwa umeme, nitaeleza kwa nini.

Uhusiano wa volti, ampea na ukinzani aliuchapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, baada ya majaribio aliyoyafanya akiwa mwalimu wa hisabati na fizikia huko Köln, Ujerumani. Alipitisha umeme kwenye vipande vya waya wa shaba vya urefu tofauti na kuangalia mkondo unavyopungua kadiri waya unavyorefuka. Betri za zama zake zilikuwa zinachoka katikati ya kipimo, kwa hiyo akaunganisha metali mbili, bismathi na shaba, ncha moja akaiweka kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu, apate umeme usioyumba. Mimi nikipima mtaani saa mbili usiku, watu wote wamewasha feni na televisheni, volti zinacheza mbele ya macho yangu, namwelewa sana mwalimu yule. Nimejizoesha kupima bila lodi, kisha kwenye lodi, kisha bila lodi tena. Kama namba ya kwanza na ya tatu hazifanani, narudia.

Kabla hata ya kutoa mita, soma kibandiko kilichoko chini ya kifaa. Majagi mengi yanayouzwa hapa mjini yameandikwa volti 220 hadi 240, wati 1850 hadi 2200. Wengi wanadhani wati hizo zinarukaruka zenyewe. Chukua 220 mara 220, gawa kwa 1,850: unapata omu 26.2. Chukua 240 mara 240, gawa kwa 2,200: unapata tena omu 26.2. Koili, ule waya unaopasha maji, ni moja na ukinzani wake ni mmoja. Kinachobadilika ni volti unazoipa. Kwa volti 230 zilizo kipimo cha umeme wetu wa majumbani, jagi hilo litavuta ampea 8.8 hivi na kutoa wati zinazokaribia 2,020. Volti zikishuka, hasara ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu volti zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe. Ukipata 190 badala ya 230 umepoteza asilimia 17 ya volti, lakini nguvu ya jagi imeshuka kwa asilimia 32. Chai inachelewa, na jagi halina kosa lolote.

Sasa nije Tandika, kwa mama mmoja mwenye saluni. Fremu yake ipo mbele ya nyumba ya kupanga, mita ya LUKU iko ukutani kwenye nyumba kubwa nyuma, na umeme unapita darini, unavuka kauwazi, unaingia saluni. Mtu aliyenielekeza aliniambia nikamtengenezee soketi. Nilipofika nikamsalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo uone hili jagi. Hili la pili. La kwanza nilimpa mdogo wangu, niliambiwa feki. Na hili nalo feki? Maji ya kuoshea nywele yanachukua muda, wateja wananiangalia. Na nikiwasha, kuna kaharufu."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya niweke begi chini haraka. Nikamuuliza harufu inatokea wapi, akanyoosha kidole juu, kwenye dari, mahali ambapo hapakuwa na taa wala soketi.

Nikapima kwenye soketi bila lodi: volti 226. Safi kabisa. Hapa ndipo mafundi wengi wanaishia, kwamba umeme upo wa kutosha, basi shida ni jagi. Lakini kama hakuna kinachovuta, waya mbovu na waya mzima vinaonyesha volti zilezile. Nikajaza maji, nikawasha jagi kupitia kaekstensheni kangu kafupi, nikapima tena: volti 206. Klampu mita, ile inayobana waya kwa nje kupima mkondo, ikasoma ampea 7.8.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya kulitetea jagi. 206 gawa kwa 7.8 ni omu 26.4. Kibandiko kinasema 26.2. Jagi zima, tena zima kabisa, na lile la kwanza alilopewa mdogo wake nalo bila shaka lilikuwa zima. Hesabu ya pili: 206 mara 7.8 ni wati 1,607. Jagi la wati 2,000 linafanya kazi ya wati 1,600 kwa sababu limenyimwa volti.

Volti 20 zimekwenda wapi? Hazipotei hewani. Mahali fulani kati ya nguzo na soketi zinageuka joto. Nikamwacha binti wa saluni na jagi likiwa linachemka, nikaenda kwenye mita. Pale bila lodi palikuwa na 226, kwenye lodi 222. Kwa hiyo volti 4 zinaangukia upande wa nguzo, jambo la kawaida, na volti 16 zinaangukia ndani, kati ya mita na soketi. 16 gawa kwa 7.8 ni omu 2 na kidogo.

Swali likawa: je, ni waya tu mwembamba na mrefu? Hilo nalo lina hesabu. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita. Njia ile niliikadiria mita 30, na umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za waya. Mara 0.0172, unapata omu 1.03. Waya waliotumia ulikuwa kweli wa milimita moja, mwembamba mno kwa kazi ya jagi, lakini unaeleza nusu tu ya ile omu 2. Nusu nyingine ilikuwa imekaa mahali pamoja au pawili, na kaharufu kalikuwa kanatuelekeza.

Nikapanda darini. Kulikuwa na jointi mbili zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, bila konekta, bila boksi. Ya kwanza ilikuwa vuguvugu. Ya pili tepu yake ilikuwa imekauka na kung'aa kama lami, plastiki ya waya imebadilika rangi kuwa kahawia urefu wa kidole kila upande, na ilikuwa imelala juu ya mbao ya dari ambayo nayo ilishaanza kuwa nyeusi. Sikuigusa. Nilichoma ncha za mita kwenye waya upande huu na upande wa pili wa tepu, jagi likiwa linachemka. Volti 6 na nusu, katika kipande kisichofika urefu wa kiganja. (Kupima hivi umeme ukiwa hai ni kazi ya fundi aliyezoea, mwenye vifaa vyenye mpira mzuri. Asiye fundi aishie kwenye soketi, na hata hapo awe makini.)

6.5 mara 7.8 ni wati 51. Chuma cha kulehemu cha fundi redio, kile kinachoyeyusha risasi, wengi wanatumia cha wati 40. Juu ya mbao kavu za dari ya mama yule kulikuwa na kitu chenye nguvu zaidi ya hicho, kinawaka kila anapochemsha maji, siku nzima ya kazi, na nyumba ile ina vyumba vya wapangaji vilivyobanana ukuta kwa ukuta.

Akaniuliza swali ambalo nimekuja kuulizwa mara nyingi: "Mbona breka haikukata?" Breka inahesabu ampea. Yake ilikuwa ya ampea 20, na inayopita ni 7.8. Kwa macho ya breka kila kitu ni shwari. Jointi mbovu inapunguza hata zile ampea, kwa hiyo breka inazidi kutulia wakati moto unazidi kuiva. Hakuna kifaa kwenye ile nyumba ambacho kingemwonya zaidi ya pua yake na vipimo viwili vya volti vikisomwa kwa mpangilio. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu watu wengi wanalala wakiamini breka inawalinda na kila kitu.

Kulikuwa na ushauri mwingine alioupata dukani: anunue stebilaiza ipandishe volti. Alikuwa tayari ameweka pembeni hela. Nikakaa naye kwenye kiti cha wateja tukapiga hesabu kwenye daftari. Stebilaiza ikilipatia jagi volti 220, jagi litataka wati 1,847. Wati hizo lazima zipite kwenye njia ileile, na kwa kuwa volti za kuingia ni chache, zitaingia kwa ampea nyingi zaidi, ampea 9 na kitu. Jointi ile ina omu 0.83, yaani 6.5 gawa kwa 7.8. Ampea 9.1 mara 9.1 mara 0.83 ni karibu wati 69. Angelipa pesa ili mbao yake ipate moto zaidi, na maji yangechemka haraka kidogo kwa hiyo angeamini ametibu. Mama aliangalia zile namba, akaangalia dari, akamwita binti akazime jagi.

Jambo la LUKU lilimgusa kwa namna yake. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na pembeni pameandikwa imp/kWh. Yake ilisema 1000, maana yake kitaa kikiwaka mara 1,000 uniti moja imeondoka. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, na saa moja ni sekunde 3,600. Basi kwa mita ya namna hiyo, 3,600 ukizigawa kwa sekunde zilizopita kati ya mwanga mmoja na unaofuata unapata wati zinazotumika wakati huo. Tulizima vingine vyote tukahesabu miwako 10 kwa saa ya simu: sekunde 21 hivi. Hiyo ni zaidi ya wati 1,700. Kwa mita yangu, 222 mara 7.8 ni 1,732. Jagi linapata 1,607, mita inahesabu 1,732, na zile 125 za katikati anazilipia kwa kupasha moto dari. Kama jagi linawaka jumla ya saa 2 kwa siku, ni robo uniti kila siku.

Tulibadilisha njia yote: waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye mita hadi saluni, kipande kimoja bila jointi, ndani ya bomba, breka yake peke yake. Ukinzani wa njia hiyo kwa hesabu ni omu 0.41. Nilipowasha jagi soketi ilisoma volti 218 na klampu ikasoma 8.3. Wati 1,809. Kipande cha ile jointi ya zamani nilikikata nikakihifadhi, nakitumia kufundishia vijana.

Na kijana wangu wa sasa, saidia fundi, aliwahi kuniletea hoja nzuri kuhusu taa. Tulikuwa na globu ya zamani ya wati 100, zile za uzi. Akaweka mita kwenye omu, akapima globu ikiwa baridi, akapata 38. Akachukua 230 mara 230, ni 52,900, akagawa kwa 38: wati 1,392. "Bosi, mita hii imekufa. Globu ya wati 100 haiwezi kula kama pasi." Mita ilikuwa nzima. Ule uzi ni wa tangsteni, na ukiwaka unafika joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Metali hiyo ikipata moto ukinzani wake unapanda sana. Tukaiwasha, tukapima ampea: 0.43. Volti 230 gawa kwa 0.43 ni omu 535, na 230 mara 0.43 ni wati 99. Kwa hiyo uzi uleule una omu 38 ukiwa baridi na zaidi ya 500 ukiwaka, na ndiyo maana globu hizo zilikuwa zinapenda kuungua palepale unapobonyeza swichi, kwa kuwa mkondo wa kwanza ni mkubwa mno.

Koili ya jagi, ya pasi na ya hita imetengenezwa kwa aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo ukinzani wake haubadiliki sana ikipata moto. Hapo unaweza kupima omu kifaa kikiwa baridi, kimechomolewa, na hesabu ikakubaliana na kibandiko. Kwa kifaa usichokijua, pima volti na ampea kikiwa kazini. Namba za kifaa kikiwa kazini ndizo za kuamini.

Kuhusu kupima ampea kuna mawili ambayo kijana yeyote anayeanza lazima ayajue. La kwanza, mita ya bei ndogo ina tundu la ampea 10, na pembeni mara nyingi pameandikwa kwamba halina fyuzi. Ukiacha waya mwekundu kwenye tundu hilo halafu ukachomeka ncha kwenye soketi kama unapima volti, umetengeneza shoti mkononi mwako. Ndiyo sababu nasisitiza klampu mita, ile inayobana waya kwa nje bila kukata kitu. La pili, klampu ukiizungushia kebo nzima ya jagi itasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana. Kaekstensheni kangu kafupi nimekachana gamba la nje, waya wa laini, ule unaoleta umeme, nimeutoa pembeni kama kitanzi. Kwenye kitanzi hicho kuna mahali waya umezungushwa mara 10. Nikitaka kupima televisheni inayovuta ampea 0.3, nabana pale kwenye mizunguko, klampu inasoma 3, nagawa kwa 10. Ni kifaa cha kujitengenezea ambacho kinanipa vipimo vidogo bila mita ya gharama.

Vifaa vyenye mota vinahitaji tahadhari nyingine. Mbagala kuna dada anayeuza barafu na juisi, akaniita kuhusu friza linalokula uniti. Nilipata volti 215 na ampea 1.4. Ukizidisha unapata 301, na kwa koili ya jagi ningeandika wati 301 nikamaliza. Lakini tulipozima vingine vyote tukatazama kitaa cha LUKU, kiliwaka kila baada ya sekunde 18, na mita ile nayo ni ya 1000 kwa uniti. Wati 200. Mota inavuta sehemu ya mkondo kwa ajili ya sumaku yake na kuurudisha, mara mbili katika kila mzunguko wa umeme wetu unaozunguka mara 50 kila sekunde, na mita ya LUKU ya nyumbani inahesabu wati halisi peke yake. Waya na breka, hata hivyo, vinaubeba mkondo wote wa ampea 1.4. Basi ukichagua waya, tumia ampea za klampu. Ukitaka kujua uniti, tumia kitaa. Friza la dada yule halikuwa na shida ya umeme: mpira wa mlango ulikuwa umepasuka, kompresa haipumziki. Wala usigawe volti kwa ampea za mota ukadhani umepata ukinzani wa nyaya zake. Mota ikizunguka inazalisha volti zake zinazosukumana na za kuingia, na hesabu ya Ohm kwa mkato huo haisemi kweli.

Watu wananiuliza, bwawa la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, mbona kwetu umeme bado mdogo? Jibu liko kwenye ileile ampea mara ampea mara omu. Mtambo mmoja kati ya 9 za pale una megawati 235. Umeme huo ungetolewa kwa volti 230 ungehitaji zaidi ya ampea milioni moja, na hakuna waya wa kubeba. Unapandishwa hadi volti 400,000 kwenda Chalinze, ampea zinabaki mia kadhaa, joto la njiani linapungua mno. Ukishafika mtaani ukashushwa, ampea zinakuwa nyingi tena, na kila mita ya waya mwembamba, kila jointi ya nguzo, inachukua sehemu yake. Kipande cha mwisho, kutoka transfoma hadi kwako, ndicho kinachokula volti nyingi.

Kipande hicho nacho unaweza kukichunguza kwa jagi na mita. Pima pale kwenye mita ya LUKU, bila lodi kisha jagi likiwaka. Juzi juzi nilipima nyumba mbili za mtaa mmoja jioni. Ya kwanza ilikuwa na volti 212 bila lodi na 188 kwenye lodi, ampea 7.2. Volti 24 zimeanguka. Gawa kwa 7.2, ni omu 3.3. Njia nzima hadi transfoma haipaswi kuwa na ukinzani wa namna hiyo, kwa hiyo kuna muungano mbovu unaoihusu nyumba hiyo, mara nyingi pale waya unapoingia nyumbani au juu ya nguzo. Ya pili ilikuwa na 190 bila lodi na 187 kwenye lodi, ampea 7.1. Volti 3 tu, omu 0.4. Miunganiko ya nyumba hiyo ni mizuri. Laini nzima imelemewa na majirani wote kwa pamoja, na hakuna kitakachobadilika kwa kukaza nati nyumbani kwake. Wote wawili wangesema "umeme mdogo" kwenye simu. Niliwaandikia kila mmoja namba zake nne kwenye karatasi, volti bila lodi, volti kwenye lodi, ampea, na saa ya kipimo, wakazisoma hivyo hivyo walipopiga simu ya dharura ya shirika la umeme. Wa kwanza alihitaji mtu wa kupanda nguzo kesho yake, wa pili anahitaji mtaa mzima uandike barua ya kuomba transfoma, na barua hiyo ni bora ibebe vipimo vya nyumba kadhaa za saa ileile.